Ukinunua flashi, tazama mwili wake kabla ya kuuliza GB

Kwa miaka sita nimeendesha steshenari hapa Morogoro, hatua chache kutoka geti la chuo. Kazi yenyewe, ukiiangalia vizuri, ni kupokea flashi za watu. Mteja anaingia, anasalimia, anakunyooshea flashi juu ya kaunta: "Dada, naomba unitolee kurasa tano za mwanzo, halafu zilizobaki ubaindi." Wiki za kukusanya ripoti za fildi nachomeka na kuchomoa mpaka vidole vinauma. Ndefu, fupi, za kuzungusha, za kusukuma, zenye sura ya funguo, zenye sura ya katuni. Nimejua zipi zinarudi mwaka hadi mwaka mkononi mwa mtu yuleyule, na zipi zinaonekana mara mbili tu.

Swali la kwanza la mnunuzi huwa ni "Hii GB ngapi?" Mimi nakusihi uanze na umbo. Flashi nyingi nilizoona zikifa zilikufa mwili, si kumbukumbu.

Mwezi wa sita mwaka mmoja, msichana wa mwaka wa tatu alikuja na risachi yake akakaa kwenye kompyuta yangu kuisahihisha kabla ya kuprinti. Wakati huo CPU zangu nilikuwa naziweka chini ya meza, matundu ya USB yakiwa usawa wa goti. Flashi yake ilikuwa ya plastiki, ndefu kama kidole cha kati, na kamba ya shingoni inaning'inia. Kaka mmoja akataka kupita, goti lake likaigonga. Wala haikukatika. Ilipinda kidogo tu, taa ikazimika. Tukaichomoa, tukaichomeka tundu lingine, haisomi. Tukajaribu kompyuta nyingine, haisomi. Nakala nyingine hakuwa nayo, wala kwenye simu, wala kwenye barua pepe.

Nikamshika mkono tukaenda kwa fundi simu jirani yangu. Akaipasua kwa wembe, akaiweka chini ya lenzi, akatuita tuangalie. Ndani ya plastiki ile kubwa kulikuwa na kibao kidogo cha kijani cha saketi, na kile kichwa cha bati tunachokichomeka kimeshikizwa kwenye kibao hicho kwa nukta za lehemu zisizozidi punje ya mtama. Nukta mbili zilikuwa zimeachia, na moja ilikuwa imeng'oka pamoja na njia yake ya shaba. Fundi akaunganisha kwa waya mwembamba kama unywele, akaniambia, "Dada, leta laptop hapahapa, usiitikise." Ikasoma. Nilikopi ile risachi mikono ikitetemeka, na yule binti analia nyuma yangu. Siku hiyo CPU zote nikazipandisha juu ya meza, hazijashuka tena.

Tangu hapo naieleza hivi kwa kila anayeniuliza: flashi iliyochomekwa ni kama mtarimbo. Kadiri inavyotokeza nje, ndivyo mguso mdogo unavyogeuka nguvu kubwa pale kwenye lehemu. Yenye urefu wa sentimita 7 ikiguswa na goti, mkoba au mtoto, kazi yote inaangukia kwenye zile punje za mtama. Fupi ikiguswa vilevile, goti linapita.

Flashi fupi ziko za aina mbili, na matumizi yake hayafanani. Kuna zile ndogo kabisa, kama ukucha wa kidole gumba, ambazo zikiingia kwenye tundu zinabaki zimetokeza kidogo sana. SanDisk Ultra Fit na Samsung FIT Plus ni za namna hiyo. Hizi zinafaa kukaa mahali pamoja: redio ya gari, sabufa ya nyumbani, bajaji, televisheni. Dereva wa bajaji anayeacha flashi ndefu kwenye redio yake ataivunja tu, maana kila abiria anayeegemea mbele anaigusa. Ila kwa kutembea nayo kila siku siipendekezi. Kuichomoa kwa vidole vyenye jasho ni shida, ikianguka sakafuni unaitafuta kwa tochi, na ukiiandikia mafaili mengi kwa mfululizo inapata moto, kwa sababu mwili wake hauna nafasi ya kutolea joto.

Ya kila siku nataka iwe na urefu wa kama sentimita 4, ganda la chuma, kipande kimoja, na kitundu kikubwa cha kupitisha pete ya funguo. Kingston DataTraveler SE9 na Samsung BAR Plus zina umbo hilo. Ukikosa ya chuma, ya plastiki fupi iliyo bapa kama SanDisk Cruzer Blade nayo inavumilia, na nimeiona ikidumu kwa walimu ambao hawana muda wa kubembeleza vitu.

Ninaposema kipande kimoja namaanisha isiwe na kitu kinachosogea. Yenye kifuniko, kifuniko kitapotea kabla ya muhula kuisha, kisha kichwa kitajaa vumbi la mfukoni na makombo ya karanga. Ya kuzungusha ina bati la nje linaloshikwa na pini. Pini ikilegea, bati linazunguka lenyewe na kukwangua kichwa. Ya kusukuma ndiyo inayonisikitisha kuliko zote. Kile kibanio cha ndani kikichakaa, ukiichomeka kichwa kinarudi ndani, inabidi uishikilie kwa kidole gumba muda wote unapokopi. Nimewaona watu wazima wamesimama hivyo mbele ya kompyuta kwa dakika kumi.

Faida nyingine ya hizi fupi iko ndani. Nyingi hazina kile kibao cha kijani chenye kichwa kilichochomelewa. Kila kitu, kumbukumbu na kichakata chake, kimefinyangwa pamoja katika kibapa kimoja cheusi, na zile shaba za kugusia ziko juu ya kibapa hichohicho. Hakuna lehemu ya kuachia. Ndiyo maana nyingine zinaingia kwenye ndoo ya kufulia ndani ya suruali, zinaanikwa, na zikikauka kabisa zinasoma. Lakini nikuambie na upande wa pili: kibapa hicho kikipasuka, fundi wa mtaani hana pa kuunganisha waya. Kama flashi ya yule binti ingekuwa ya aina hiyo na ikapasuka, tusingeokoa hata ukurasa. Kwa hiyo chochote ulichokiandika kwa jasho kiwe na nakala mahali pengine siku hiyohiyo, hata kama ni kujitumia mwenyewe kwenye barua pepe.

Sasa tuje kwenye GB. Flashi za kwanza zilipoanza kuuzwa mwaka 2000 zilibeba MB 8. Risachi yenye picha na majedwali mara nyingi haifiki MB 20. Kwa mwanafunzi, mwalimu au karani, GB 32 zinatosha na kusaza, na ukiichomeka ukaona imeandika 29 na kitu, hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, Windows inahesabu kwa 1,024.

Wizi uko kwingine. Mteja wangu mmoja, mama mwenye studio ya picha za harusi, alirudi kutoka Dar na flashi ya "2 TB", yaani kama GB 2,000, aliyoinunua kwa elfu ishirini. Kompyuta nayo ikaonyesha 2 TB kweli. Akajaza picha za harusi tatu. Majina ya mafaili yote yapo, ukubwa upo, lakini ukifungua picha, za mwanzo zinafunguka, zilizofuata zote ni kijivu. Ujanja uko kwenye kile kichakata cha ndani: kimefundishwa kuidanganya kompyuta. Kumbukumbu halisi ni GB chache, zikijaa, kinachofuata kinaandikwa juu ya kilichotangulia au kinatupwa, na flashi inaendelea kuitikia kana kwamba mambo ni shwari. Ujue kwamba Kingston walipotoa flashi ya 2 TB mwaka 2017 ilikuwa pande la kitu, na bei yake si ya kupanga kwenye turubai. Kidude cha ukubwa wa ukucha kwa elfu ishirini hakiwezi kuwa na 2 TB. Na jina la kampuni kubwa juu ya ganda si kinga, kwa sababu majina makubwa ndiyo yanayoigwa.

Kwa hiyo ukinunua flashi, usiweke kitu cha maana kabla hujaipima. Ninatumia H2testw, programu ya bure iliyotoka kwenye jarida la kompyuta la Ujerumani liitwalo c't. Huhitaji kuisakinisha; unaifungua, unachagua flashi yako ikiwa tupu, unaiacha iijaze yote kisha isome ilichoandika. Ya GB 32 inayoandika MB 10 kwa sekunde itachukua karibu saa nzima kujaa, na muda mwingine wa kusoma, basi iache ukapike. Wenye Linux au Mac wana F3, kazi ni ileile. Muuzaji hatakuruhusu kufanya hivyo dukani, lakini muulize kabla hujatoa hela: "Nikiipima nikakuta si kamili, nairudisha?" Akisita, ondoka. Akikubali, chukua risiti.

Ukiwa hapohapo dukani kuna jambo unaloweza kulikagua kwa macho. Ikiwa pakiti imeandikwa USB 3.0, yaani toleo lenye kasi kuliko USB 2.0, na kichwa ni kile cha mstatili cha kawaida, chungulia mdomoni mwake. USB 2.0 ina shaba nne zilizolala mstari mmoja. USB 3.0 ina zile nne, na nyuma yake ndani zaidi nyingine tano ndogo. Ulimi wa bluu peke yake hauthibitishi kitu, rangi ya bluu haina gharama. Kama kompyuta unazotumia ni za zamani, wala usijisumbue na 3.0. Kama unahamisha video, itakuokolea muda mwingi: faili la GB moja na nusu likiandikwa kwa MB 5 kwa sekunde linakula dakika tano, na ukiwa na foleni nyuma yako dakika tano ni nyingi.

Wengi huniletea malalamiko kwamba flashi ni mbovu kumbe imefomatiwa, yaani imepangwa ndani, kwa mfumo ambao kifaa hakiusomi. Redio za magari, sabufa na televisheni nyingi za zamani zinasoma mfumo uitwao FAT32 tu. FAT32 nayo haipokei faili moja lililofika GB 4. Ukitaka kubeba muvi kubwa, fomati kwa mfumo mwingine uitwao exFAT. Ukitaka nyimbo za bajaji, FAT32.

Na virusi. Hapa nazungumza kama mtu ambaye kompyuta zake zimewahi kuwa chanzo, na nilihangaika sana kuzisafisha. Steshenari inapokea flashi za kila mtu, hivyo ugonjwa wa mmoja ni wa wote. Ule unaosumbua sana unaficha mafolda yako na kuweka shotikati, yaani alama za njia ya mkato, zenye majina yaleyale. Mtu anaona shotikati, anadhani kazi imefutika, anafomati. Usifomati! Mafaili yako bado yamo. Safisha kwanza kwa antivirusi, kisha fungua Command Prompt, lile dirisha la Windows la kuandika amri, na kama flashi imepewa herufi E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri imalize, mafolda yatarudi. Baada ya hapo zifute zile shotikati bila kuzibonyeza. Njia nzuri zaidi ni kuwa na flashi mbili: moja ya kazi zako isiyoingia kwenye kompyuta ya mtu, na nyingine ya bei ndogo ya kwendea steshenari, ndani yake pawe na kile unachoprinti tu, kikiwa PDF ili kurasa zisihame. Na anayekuprintia akimaliza, mwache aitoe kwa utaratibu. Kuichomoa taa ikiwa bado inapepesa ni kuikatiza katikati ya kuandika, na faili linaweza kubaki nusu.

Flashi fupi ina kasoro moja ambayo siwezi kuificha: inasahaulika. Mtu anaprinti, anachukua karatasi, anaondoka, na flashi imebaki imenasa nyuma ya CPU. Nina kopo la maziwa ya unga kwenye droo, limejaa flashi ambazo wenyewe siwajui, na kuzifungua moja moja nichungulie mambo ya watu moyo unakataa. Baadhi nina uhakika zina risachi nzima.

Ndiyo maana nawaomba wateja wangu wafanye kitu cha dakika moja. Chomeka flashi, bonyeza kulia kwenye herufi yake, chagua Rename, andika namba yako ya simu. Jina la flashi linapokea herufi 11, na namba zetu zina tarakimu 10, inaenea. Mwalimu mmoja wa sekondari aliandika ya kwake hapohapo kaunta nilipomweleza. Muhula uliofuata akaisahau kwangu na mitihani ya kidato cha pili ndani. Nilipoichomeka tu namba ikatokea, sikufungua folda hata moja. Nikapiga. Akaja na pikipiki kabla sijafunga duka.