Usimpe Mtu Ugonjwa Ambao Hajapimwa

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia kwamba mchumba wake ana baipola, ule ugonjwa wa akili wenye vipindi vya kupanda, yaani nguvu na msisimko kupita kiasi, na vipindi vya kuporomoka kwa huzuni nzito. Nilipomuuliza daktari gani kasema, akajibu kwamba daktari wa nini: asubuhi mchumba anacheka, jioni amenuna, kesho yake anaomba radhi. Ujumbe huo umenichoma, maana baipola ninayo mimi. Nilipimwa na daktari wa magonjwa ya akili, na dawa nameza mpaka leo.

Kipindi changu cha kwanza cha kupanda kilianza kwa raha. Usingizi ulinipaa, wala sikuchoka. Usiku wa manane nilikuwa sakafuni, karatasi zimenizunguka, naandika mipango ya biashara nne kwa mpigo na kalamu haiwahi kasi ya kichwa. Niliongea mbio mpaka dada yangu akanishika mabega: "Vuta pumzi kwanza." Nikamwona adui. Fedha zote nilizokuwa nimeweka benki nilizitoa nikawagawia watu niliowafahamu juzi tu, nikiamini zitarudi mara kumi. Dada ndiye aliyenifikisha hospitali. Baadaye nikaporomoka, miezi ikapita nikiwa nimegeukia ukuta, na kuoga kukawa kazi ya kutwa nzima.

Kwa vigezo vya madaktari, kupanda kwa namna hiyo hudumu angalau wiki 1, karibu kutwa, karibu kila siku, isipokuwa hali ikiwa mbaya hadi mtu akalazwa mapema. Hata kule kupanda kwa kiwango cha chini hudumu angalau siku 4. Aliyekasirika saa nne akatabasamu saa nane ana hasira, au njaa, au kuna mtu kamuudhi. Daktari Mfaransa Jean-Pierre Falret aliueleza mzunguko huu tangu miaka ya 1850, na mwaka 1949 John Cade wa Australia akaonyesha kwamba dawa ya lithiamu huwatuliza wagonjwa waliopanda. Mimi natumia lithiamu hiyohiyo. Hunitetemesha vidole nikishika kikombe, na napimwa damu mara kwa mara kwa sababu kiwango kikizidi hugeuka sumu.

Basi siku moja tuko kikaoni kazini, mkuu wetu kabadili uamuzi wake, mwenzangu akasema, "Bosi naye baipola!" Kikao kizima kikaangua kicheko. Nikashusha mikono chini ya meza. Alikuwepo mmoja aliyeijua hali yangu, naye alicheka. Hilo bado linaniuma.

Ushauri wangu ni huu: taja alichokitenda mtu. "Ananinunia bila kuniambia sababu" ni lalamiko ambalo mchumba anaweza kulijibu. Ukishamwita baipola, kila akijitetea utasema ni ugonjwa unaongea. Na kama anakutukana au anakupiga, huhitaji kumtafutia ugonjwa ndipo uondoke. Ondoka.

Ni hivyo hivyo kwa majina mengine tunayotupiana. Mume mbinafsi mwite mbinafsi, usimpachike unarsisi, yaani tatizo la akili la kujitukuza kupita kiasi. Timu yako imefungwa, umehuzunika; usiseme una sonona. Sonona ni dalili zinazomkaba mtu wiki 2 au zaidi, zikamwondolea hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda. Tukiyafanya magonjwa haya matusi na utani, mwenye nayo atajificha, na akijificha hatibiwi. Nimewaona waliojificha. Tuwahurumie jamani!

Ila ukiona mtu wako halali siku kadhaa na bado ana nguvu, anaongea bila kituo, anatapanya fedha, anajiona hashindwi na lolote, hapo usikae. Usibishane naye. Ficha funguo za gari, mwite mtu anayemwamini, mfikisheni hospitali siku hiyohiyo. Akikuchukia kwa hilo, mwache akuchukie, lakini afike.