Kwa Nini Wahusika wa Katuni za Kijapani Hufanana na Wazungu?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi na ndugu zangu ni wapenzi wa katuni za Kijapani, na kuna jambo tunalobishania kila mara. Mhusika ana jina la Kijapani na anasoma Tokyo, lakini macho yake ni makubwa na nywele zake ni za rangi ya dhahabu. Je, Wajapani wanatamani kuwa Wazungu? Na mbona mtu mweusi akitokea, mara nyingi huchorwa kwa namna ya kumdhalilisha?
Msomaji wenu wa kudumu

JIBU: Ndugu msomaji, umeuliza maswali mawili, na majibu yake hayafanani.

Macho makubwa yana asili inayojulikana. Osamu Tezuka, mchoraji ambaye katuni yake ya Astro Boy ilianza kuonyeshwa katika televisheni ya Japani mwaka 1963, alizipenda mno filamu za Walt Disney. Isitoshe, alikulia Takarazuka, mji wenye kundi maarufu la maigizo la wanawake pekee, ambao huyapamba macho yao yaonekane hata na mtazamaji aliyeketi nyuma kabisa. Waliomfuata waliushika mtindo huo kwa kuwa jicho kubwa hubeba hisia nyingi kwa mistari michache. Rangi za nywele, zikiwemo waridi na buluu, humsaidia mtazamaji kuwatofautisha wahusika ambao nyuso zao zinakaribiana sana.

Usagi, msichana shujaa wa katuni ya Sailor Moon, ana nywele za dhahabu, lakini mtazamaji wa Japani humtambua mara moja kuwa msichana wa Kijapani kwa jina lake, sare yake ya shule na maisha ya nyumbani kwao. Uso usiotiwa alama yoyote huhesabiwa huko kuwa wa Kijapani, na anayetiwa alama ni mgeni: Mzungu anapokusudiwa atambulike, mara nyingi hupewa pua ndefu na mwili mkubwa. Kwa hiyo sioni tamaa ya Uzungu katika michoro hii. Hata weupe wa ngozi, ambao kweli umethaminiwa Japani, ulisifiwa huko karne nyingi kabla Wazungu hawajafika.

Swali la pili ni zito, na hapa sikubali utetezi wa kwamba huo ni mtindo tu. Ngozi nyeusi kama makaa, midomo iliyovimba na macho ya kutumbua vilitoka katika maigizo ya Marekani ya karne ya 19, ambamo waigizaji Wazungu walijipaka rangi nyeusi usoni ili kuwakejeli watu weusi. Katuni za Marekani ziliirithi kejeli hiyo, na wachoraji wa Japani wakaichukua humo. Tezuka mwenyewe aliwachora Waafrika hivyo, na baada ya malalamiko, vitabu vyake vilivyochapishwa upya vilitiwa maelezo kwa wasomaji. Jynx, kiumbe wa katuni na michezo ya Pokémon aliyekuwa na uso mweusi na midomo minene, aligeuzwa kuwa wa zambarau baada ya kulaumiwa nchini Marekani.

Kosa jingine ni la kumfuta mtu rangi yake. Mwaka 2019 kampuni ya tambi ya Nissin, katika tangazo lake la katuni, ilimchora mchezaji tenisi Naomi Osaka, ambaye mama yake ni Mjapani na baba yake ni Mhaiti, akiwa na ngozi nyeupe. Lawama zilipozidi, kampuni iliomba radhi na kuliondoa tangazo hilo. Kwangu mimi hilo ndilo linalosikitisha zaidi, kwa sababu Osaka ni raia wa Japani na aliichezea Japani, lakini uso wake halisi haukupata nafasi katika mchoro uliokusudiwa kumsifu.

Hata hivyo, ziko kazi zilizofanywa kwa uangalifu. Golden Kamuy, iliyoanza kama hadithi ya picha mwaka 2014 na kugeuzwa katuni ya televisheni mwaka 2018, inamweka mbele Asirpa, msichana wa Waainu, wenyeji wa asili wa Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani. Upande wa lugha ya Kiainu ulisimamiwa na Hiroshi Nakagawa, mtaalamu wa lugha hiyo katika Chuo Kikuu cha Chiba, na mavazi, vyakula na uwindaji wa Waainu vimeelezwa kwa kina ndani ya hadithi yenyewe.