Modeli zikikubaliana, zimekubaliana nini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma uzamili wa fizikia, likizo hii niko nyumbani Mikindani. Nimekusanya modeli 12 za Skyrme (kanuni za nguvu kati ya nyuklioni, yaani protoni na nyutroni) za maada ya kiini, nikachora nishati ya ulinganifu, J (gharama, kwa kila nyuklioni, ya kugeuza maada yenye protoni na nyutroni sawa iwe ya nyutroni tupu), dhidi ya L, mteremko wake msongamano unapoongezeka. Nukta zimejipanga karibu mstari mmoja. Kipimo cha uhusiano ni 0.9. Nikichukua J ya 32 MeV, naweza kusoma L hapo hapo na kuipeleka kwenye nyota za nyutroni?

Jibu: Marahaba. Usiipeleke popote. Modeli hizo zimerekebishwa kwa uzito wa viini halisi, na sehemu kubwa ya nyuklioni za kiini iko karibu na uso wake, kwenye msongamano mdogo. Kwa hiyo data hubana nishati ya ulinganifu kwenye nyuklioni 0.10 hivi kwa femtomita ya ujazo, wala si 0.16, msongamano wa katikati ya kiini, unapoisoma J. Ukirudi kutoka 0.16 hadi 0.10 unapata J − L/8, ukiacha neno la mraba. Thamani hiyo ikishikwa mahali pamoja, L ikipanda 8, J hupanda 1. Mstari wako ndio huo.

Sasa ugeuze: kosa la 1 MeV kwenye J ni kosa la 8 kwenye L. Chukua modeli mbili za Skyrme: SkM* ina J ya 30, SLy4 ina 32, na L zao zote mbili ni karibu 46. Mstari ungezitenganisha kwa 16.

Halafu hizo 12 si 12. SLy4 na SLy5 ni tumbo moja. Huwezi kukata korosho 12 za gunia moja ukatangaza ubora wa Mtwara nzima.

Wanaonichosha ni wanaofuta nukta iliyokaa pembeni, 0.9 ikawa 0.98, wakaiita sheria ya asili. Ingiza NL3, modeli ya kirelativisti isiyo ya Skyrme (J 37.4, L 118), na uiache itakapoangukia. Kisha chukua modeli moja, tikisa vigezo vyake ndani ya makosa ya data, uangalie kovariansi, yaani jinsi J na L zinavyoyumba pamoja. Hapo ndipo utajua data imebana nini.

Na kukubaliana si kuwa sahihi. Mwaka 1970 mwanafizikia Coester na wenzake walionyesha kwamba hesabu za nguvu za nyuklioni wawili wawili hutoa nukta, za msongamano na nishati ya maada ya kiini, zinazojipanga kwenye ukanda mmoja. Ukanda huo unaikwepa nukta halisi: 0.16, na −16 MeV kwa nyuklioni. Nguvu za nyuklioni watatu kwa pamoja hazikuwemo kwenye hesabu hata moja, na hiyo ni sababu kubwa ya zote kukosea kwa foleni.