Bandari ikisimama leo, una karatasi gani mkononi?

Serikali yoyote ikitoa msaada baada ya janga, wa kwanza kuupata ni yule ambaye jina lake tayari limeandikwa sehemu, iwe kwenye orodha ya mishahara, NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), chama cha wafanyakazi au benki. Mwenye shida kubwa kuliko wote anaweza kubaki nje kabisa kwasababu hakuna hata kikaratasi kimoja kinachoonyesha alikuwa anafanya kazi gani na wapi. Nawaandikia nyie mnaokula kupitia bandari ya Dar, Kurasini, Keko, Mivinjeni, Mtoni, hadi Tandika na Mbagala huko, maana mimi nimekuwa karani wa makontena kwenye bandari kavu moja (yadi ya makontena nje ya bandari) pale Kurasini, nikapunguzwa kazi, na sasa nipo kwenye ofisi ndogo ya klearing, ya kuwatolea watu mizigo bandarini, kwahiyo haya mambo nimeyaona nikiwa mfanyakazi na nayaona tena nikiwa upande wa biashara.

Mfano ninaopenda kuwapa watu ni Baltimore, Marekani. Tarehe 26 Machi 2024 usiku wa manane, meli ya makontena inaitwa Dali, ndefu kama mita 300, ilizimika umeme ikiwa inatoka bandarini ikaenda kugonga nguzo ya daraja la Francis Scott Key na daraja lote likaporomoka majini. Watu sita walikufa, wote walikuwa vibarua wa usiku wanaziba mashimo ya barabara juu ya daraja, wahamiaji kutoka Mexico, Guatemala, Honduras na El Salvador, watu waliokwenda kutafuta maisha kama sisi tu tunavyotafuta. Mungu awapumzishe. Vyuma vya daraja vikaziba njia ya meli, na bandari ile ndo ilikuwa inaongoza Marekani kwa kupitisha magari wakati huo, ikawa meli haziingii wala hazitoki. Njia ilifunguliwa kidogo kidogo, ikaja kufunguka yote tarehe 10 Juni, yaani miezi miwili na nusu hivi. Sasa jiulize wewe wa deiwaka unayelipwa ukishusha mzigo, miezi miwili na nusu bila meli, unakula nini.

Serikali ya jimbo la Maryland ilifanya kitu ambacho mimi nakiheshimu. Ndani ya wiki mbili bunge lao lilikuwa limeshapitisha sheria maalum na gavana Wes Moore akaisaini tarehe 9 Aprili, wakaruhusu hela itoke kwenye akiba ya dharura ya jimbo. Watu waliokuwa wanafanya kazi bandarini mara kwa mara wakakosa kazi kwa ajili ya lile janga wakawekewa malipo ya dola 430 kwa wiki, na makampuni yakapewa ruzuku ili yasipunguze watu. Serikali kuu nayo ikafungua mikopo kwa biashara ndogo, hadi dola milioni 2, riba isiyozidi asilimia 4, muda wa kulipa hadi miaka 30. Angalia hilo vizuri, ule ni mkopo, hela inarudishwa, na wafanyabiashara wengi wakisikia serikali imetoa mabilioni wanadhani ni ya bure, wanaanza kuyapangia matumizi kabla hata ya kuuliza.

Lakini hata kule, pamoja na haraka yote ile, mtu alitakiwa aonyeshe kwamba alikuwa anafanya kazi bandarini na kipato kimepungua. Makuli wa kule wana chama chenye nguvu na kazi wanaitwa kwa orodha, kwahiyo kumbukumbu zao zipo. Sisi huku kazi nyingi za bandari zinafanyika kwa mdomo, mnyapara anakuja getini asubuhi anaonyesha kidole wewe na wewe na wewe, jioni mnalipwa keshi, kesho hakuna anayejua kama ulikuwepo. Hapo hata serikali ikitaka kukusaidia kwa moyo mweupe inaanzia wapi?

Kwahiyo la kwanza, na hili naliomba kwa wote mnaolipwa kwa siku au kwa tripu, ombeni mlipwe kwenye simu. Kama bosi anagoma, basi hata mnyapara akitaka kukupa keshi mwambie kaka naomba unirushie tu. Ile taarifa ya miamala ukiichapisha inaonyesha miezi na miezi umepokea hela kutoka namba ileile, ni ushahidi wa kueleweka kabisa. Madereva, pigeni picha kila delivari noti na kila karatasi ya geti kabla hamjaikabidhi, na posho ya safari iingie kwenye simu pia. Mama lishe wa pale nje ya mageti, dada zangu, daftari la mauzo la kila siku si la kuandika madeni peke yake, andika na ulichouza, na kile kitambulisho cha mjasiriamali usikiache nyumbani kikaliwa na mende.

La pili ndo kubwa, na hapa nitakaa kidogo.

Kampuni niliyokuwepo kazi ziliposhuka ilituita mmoja mmoja ofisini. Mezani kuna barua imeshachapwa, jina lako lipo, inasema mimi fulani naacha kazi kwa hiari yangu kwa sababu binafsi, na pembeni kuna bahasha ya mshahara wa mwezi mmoja. Ukisaini unaondoka na bahasha. Dada wa rasilimali watu anakwambia kwa upole kabisa, mdogo wangu saini tu, hii ndo njia ya haraka, ukisema unataka mambo ya barua za kupunguzwa utakaa hata mwaka hujalipwa. Wenzangu wengi walisaini, na siwalaumu hata kidogo, mtu ana kodi ya nyumba na watoto wanadaiwa ada. Mimi nilikataa kwasababu baba yangu mdogo alishafanya kazi bandarini muda mrefu na alinifundisha kitu kimoja, barua yoyote inayosema umeacha mwenyewe inaua haki zako zote za mbele.

Na ni kweli inaziua nyingi. NSSF wana fao la kukosa ajira, watu wengi hapa mjini hata hawajui lipo. Ukiwa umechangia angalau miezi 18 na umepoteza kazi pasipo kuacha mwenyewe, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Sio hela ya kujenga, ila kwa mtu aliyepunguzwa ni unga na nauli ya kutafutia kazi nyingine. Ukishasaini kwamba umeacha kwa hiari, umejitoa. Halafu kuna sheria ya ajira na mahusiano kazini ya mwaka 2004, inasema mfanyakazi wa kudumu anayelipwa kwa mwezi apewe notisi isiyopungua siku 28 au alipwe badala yake, na aliyefanya kazi mfululizo angalau mwaka mmoja akipunguzwa alipwe kiinua mgongo, mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza mpaka miaka 10. Ukiacha mwenyewe kiinua mgongo hicho hakipo. Piga hesabu mwenyewe uone ile bahasha ya mezani ilikuwa inanunua nini kwako.

Tena bosi haruhusiwi kuamka tu asubuhi na kupunguza watu. Anatakiwa awape taarifa mapema, aeleze sababu, aseme ni watu wa aina gani wataondoka na kwa vigezo gani, akae mezani na chama au na nyie wenyewe. Bandari ikisimama kweli sababu anayo, hakuna atakayebisha, ila hatua zile hazifutiki kwasababu meli hazijaja.

Nilichofanya mimi, nilimwambia dada yule naomba nikaisome nyumbani. Hakuna sheria inayokulazimisha kusaini palepale. Nikarudi na barua yangu fupi tu, nikaandika kwamba sijaacha kazi, nipo tayari kuendelea, na kama kampuni inapunguza watu naomba barua ya kupunguzwa, cheti cha utumishi na malipo yangu kwa mujibu wa sheria. Nikapeleka nakala mbili, moja nikawaomba wanigongee muhuri wa kupokea. Ule muhuri ndo ulionisaidia baadae kwenye CMA, ile tume ya usuluhishi na uamuzi, maana kampuni ilijaribu kusema sikuonekana kazini. Ilichukua muda, ilichosha, kuna siku nilitamani niache, lakini tulisuluhishwa na nikalipwa, na barua sahihi ya kupunguzwa niliyoipata pale ndo niliyoipeleka NSSF.

Muda wa CMA uangalie sana. Ukiona umeachishwa isivyo halali una siku 30 tu za kufungua mgogoro kuanzia siku ya kuachishwa, madai mengine ni siku 60. Watu wanakaa kusubiri ahadi, bosi anasema njoo mwisho wa mwezi, njoo mwezi ujao, siku 30 zimekata, ukienda unaanza kuomba uongezewe muda na kueleza kwanini umechelewa. Fungua kwanza, ahadi mtaongea mkiwa mmeshafungua.

Na NSSF usisubiri upunguzwe ndo ukaangalie michango. Kagua sasa hivi kwenye simu au nenda dirishani na kitambulisho. Nimeona wadada wanakatwa kila mwezi kwenye salari slipu na kule NSSF michango haijafika miezi kadhaa, na hiyo miezi 18 inahesabiwa kwa kilichofika. Ukikuta pengo waambie NSSF mapema, wana wakaguzi wao.

Wenye biashara ndogo za bandarini, mawakala wa klearing, wenye fuso moja mbili, wenye magodauni, na nyie nina neno. Msaada wa Baltimore kwa makampuni uliwafaa wale ambao orodha ya wafanyakazi wao ilikuwa safi, kwasababu ruzuku ilikuwa ni kwa ajili ya kuwabakiza hao wafanyakazi. Kama ofisi yako ina vijana wanane na uliowaandikisha ni wawili, serikali ikija kusaidia itaona ofisi ya watu wawili. Kodi nayo, mapato yakishuka usikae kimya, rudi TRA urekebishe makadirio na kama kuna deni omba kwa maandishi kulipa kwa awamu, sheria inaruhusu. Mzigo wa mteja ukikwama kwasababu isiyo yako, andika barua kwa kampuni ya meli siku ileile kuomba msamaha wa demareji, ile tozo ya kuchelewa na kontena, weka na ushahidi, usisubiri bili ifike ndo uanze kulalamika.

Na tafadhali sana, kausha damu, ile mikopo ya haraka ya riba kubwa, hapana. Kazi ikisimama hao ndo wanakuwa wa kwanza kukupigia, fomu ya dakika mbili na hela inaingia, riba inakula mpaka friji na sofa. Zile programu za mikopo kwenye simu nyingi hazina leseni, Benki Kuu mwaka 2024 ilitangaza kuzifungia 69. Kuna ile mikopo inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, wanawake asilimia 4, vijana 4, wenye ulemavu 2, haina riba, ila kwa kawaida ni ya vikundi na kikundi kinatakiwa kiwe kimesajiliwa, huwezi kukiunda wiki ambayo bandari imefungwa ukategemea kupata. Anzeni sasa, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mkaulize.

Kwa wakubwa wetu nasema kwa heshima: bandari hii inahudumia Zambia, Kongo, Malawi, Burundi, Rwanda, ikisimama wiki moja tu njaa inaanzia Temeke hapa hapa. Maryland walikuwa na akiba tayari ndo maana wiki mbili zilitosha. Naomba na sisi tuwe na mfuko kama huo umeandikwa kwenye sheria, unaomtambua hata deiwaka na mama lishe, na vyama kama DOWUTA (cha wafanyakazi wa bandari), TAFFA (cha mawakala wa forodha) na TATOA (cha wenye malori) waanze kutengeneza orodha za watu wao wakiwemo wasio na mikataba.

Mwenye barua ya kuacha kazi kwa hiari mezani muda huu, asisaini leo. Aiombe akasome nyumbani, aipige picha, na kesho apite CMA au kwenye chama chake na ile picha kabla hajarudi ofisini.