Maswali na majibu: diski inayokata roho, ruta ngeni na waya uliopoteza jozi

Diski ya laptopu ya mteja inaganda. Windows inataka niiformati, na chkdsk niliyoianzisha imekwama tangu asubuhi. Niendelee kusubiri?

Usisubiri, zima. Kazi ya chkdsk ni kunyoosha mfumo wa faili, na huunyoosha kwa kuandika kwenye diski hiyohiyo inayokata roho. Toa data kwanza, matengenezo baadaye.

Ichomoe diski na uichomeke kwa SATA (soketi ya diski ndani ya kompyuta) moja kwa moja ikiwezekana, maana vigeuzi vingi vya USB hujikata diski ikichelewa kujibu. Washa kompyuta kwa flashi ya SystemRescue, mfumo wa Linux wa uokoaji, ambayo tayari ina smartctl (ya kusoma afya ya diski), ddrescue (ya kunakili diski mbovu) na TestDisk (ya kurejesha partisheni na faili). Hakikisha diski unayoigusa ndiyo yenyewe: `lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL`, kisha linganisha namba na lebo yake. Halafu `smartctl -a /dev/sdb` (badala ya sdb weka jina uliloliona kwenye lsblk). Mistari ya 5, 197 na 198 ikiwa juu ya sifuri na inazidi kupanda, uso wa diski umechakaa. Ikiwa unaopanda ni wa 199 peke yake, badilisha kwanza waya wa SATA; huenda diski ni nzima. Na ikiwa inagonga tak, tak, tak, tatizo ni la vyuma vya ndani, hakuna programu itakayolitibu. Izime, mteja aamue kama atalipia maabara.

Isiyogonga, inakili yote kwenye faili moja, `mteja.img`, hivi:

`ddrescue -n /dev/sdb mteja.img mteja.map`
`ddrescue -d -r3 /dev/sdb mteja.img mteja.map`

Amri ya kwanza huchota kinachosomeka kwa urahisi na kuyaruka maeneo mabovu. Ya pili huyarudia hayo mabovu, hadi mara tatu zaidi. Faili la `.map` ndilo linalokumbuka kilichokwisha kusomwa: umeme ukikatika, rudia amri ileile na kazi itaendelea palipoishia. Ukilipoteza unaanza upya, na diski yenyewe haina nguvu hiyo. Diski ya GB 500 inahitaji nafasi ya GB 500 upande wa pili, na upande huo usiwe FAT32, kwani FAT32 haipokei faili la kufikia GB 4. Kwenye Debian na Ubuntu kifurushi kinaitwa `gddrescue`, ingawa amri ni `ddrescue`.

Baada ya hapo TestDisk iendeshe juu ya `mteja.img`, usiiguse tena diski. PhotoRec, ya kuchimbua faili zilizopotea, iwe ya mwisho: inaokoa mengi lakini haikumbuki majina, na mteja atakuuliza lile la mahesabu liko wapi kati ya maelfu.

Ofisini tunatumia 10.10.5.x, lakini baadhi ya kompyuta zinapata 192.168.0.x na kukosa mtandao. Tukizizima na kuziwasha, nyingine zinapona zenyewe.

Kuna mtu kachomeka ruta ya nyumbani kwenye soketi ya ukutani, tena kwa tundu la LAN (la mtandao wa ndani) badala ya WAN (la kuelekea intaneti). Sasa mna seva mbili za DHCP, yaani wagawaji wawili wa anwani za IP. Kompyuta kwa kawaida huchukua jibu la kwanza kufika, ndiyo maana ugonjwa unakuja na kuondoka.

Kaa kwenye mtandao huohuo, fungua Wireshark (programu ya kuonyesha pakiti za mtandao), weka kichujio `dhcp`, kisha kwenye mashine yako hiyohiyo piga `ipconfig /release` na `ipconfig /renew`. Usitegemee kuona majibu ya wenzako, mara nyingi swichi huyapeleka kwa mwenyewe tu. Ukiona Offer (jibu la seva la kutoa anwani) mbili, ya pili ikitoka kwa anwani usiyoijua, umempata. Isipotokea mara ya kwanza, rudia. Fungua pakiti hiyo usome MAC, namba ya kadi ya mtandao, ya mtumaji: baiti tatu za mwanzo hutaja kiwanda, na Wireshark huandika jina lake yenyewe. Itafute MAC hiyo kwenye jedwali la swichi (kwenye Cisco ni `show mac address-table`), utapata namba ya tundu. Fuata waya.

Dawa ya kudumu ni DHCP snooping kwenye swichi, ulinzi unaozuia majibu ya DHCP yanayotoka matundu yasiyoaminika. Ila tundu la kuelekea seva halali liwekwe kuwa la kuaminika kabla hujaiwasha, la sivyo utaifungia seva yako mwenyewe na ofisi nzima itakosa anwani.

Swichi ni ya gigabiti, kadi ni za gigabiti, lakini faili linanakiliwa kwa MB 11 kwa sekunde.

MB 11 ni sura ya kiungo cha megabiti 100. Thibitisha bila kuhusisha diski, kwa iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao: upande mmoja `iperf3 -s`, mwingine `iperf3 -c 10.10.5.20 -t 30`, halafu rudia kwa `-R` kupima upande wa kurudi. Gigabiti nzima huonyesha takriban megabiti 940 kwa sekunde, ya 100 huonyesha takriban 94. Ukikuta 94, kagua waya. Gigabiti inataka jozi zote nne, megabiti 100 inatosheka na pini 1, 2, 3 na 6. Jozi ya bluu au ya kahawia ikikatika, mtandao hauzimiki, unashuka tu kimyakimya. Pachika upya vichwa vyote viwili.

VirtualBox, ile programu ya kuendesha kompyuta pepe, ni ya bure hata ofisini?

Yenyewe ndiyo, ni programu huria ya leseni ya GPL. Nyongeza yake, Extension Pack, siyo: leseni yake ya bure ni ya matumizi binafsi, elimu na majaribio. Watu huipakua pamoja bila kusoma.

Nitajuaje PuTTY (ya kuingia kwenye seva kwa mbali) niliyoshusha ni ya kweli?

Usibofye tangazo la juu kwenye matokeo ya utafutaji. Ukurasa wa wenye programu uko chiark.greenend.org.uk, putty.org si yao. Kisha piga `Get-FileHash putty.exe` kwenye PowerShell ulinganishe na SHA-256 (alama ya kutambulisha faili) iliyotolewa ukurasani, na utazame sahihi ya kidijitali kwenye sifa za faili.

Natumia restic, programu ya bekapu, na nafuta bekapu za zamani kwa `restic forget`, lakini diski inazidi kujaa.

`forget` huondoa kumbukumbu ya bekapu tu, data hubaki hadi ufanye `prune`. Tumia `restic forget --keep-daily 7 --keep-weekly 4 --prune`. Kama nafasi imebaki kidogo sana, anza na `restic prune --max-repack-size 0`, maana prune ya kawaida huandika vifurushi vipya kabla ya kufuta vya zamani. Ikimaliza, endesha `restic check --read-data-subset=5%`, na urejeshe folda moja kwenye mashine nyingine kwa nenosiri uliloliandika pembeni. Nenosiri la restic likipotea, hakuna wa kukufungulia.