Printa na mtandao kwenye poti moja

SWALI: Kompyuta yangu kuukuu ina poti moja tu ya printa, ile ya pini 25. Nimeiunganisha na ya mezani kwa kebo ya PLIP, yaani njia ya kuunganisha kompyuta mbili kwa mtandao kupitia poti ya printa. Nami nataka kuchapisha! Nifanyeje?

JIBU: Zipe zamu. Tangu mfumo endeshi wa Linux toleo la 2.2, la mwaka 1999, programu mbili, ya printa na ya mtandao, zinaweza kuazimana poti hiyo, lakini si kwa wakati mmoja. Shusha kwanza kiungo cha mtandao, kisha badili kebo. Mimi nilisahau kukishusha. Printa ikagoma, nikaifungua nusu nzima kutafuta ubovu ambao haukuwepo. Na uzime vyote kabla ya kuchomoa, maana poti inaweza kuungua. Ukichoka kuinama chini ya meza, tafuta kisanduku cha swichi, cha kuchagua kebo bila kuichomoa.