Dawa ya nyumbani: asali ikae kijitini

Ukiagiza dawa kwenye mkahawa wa Nairobi, taja unataka ipi, maana unaweza kuletewa kikombe cha moto cha tangawizi, limau na asali, ile ya mafua. Mimi nazungumzia ya baridi, ya vodka, ambayo mgahawa wa Carnivore uliipa umaarufu. Ni ndugu wa caipirinha ya Brazil, ila kule hutia cachaça, pombe ya miwa, na asali haimo.

Mara ya kwanza niliwatengenezea wageni kabla sijajaribu mwenyewe. Nikamimina asali juu ya barafu. Ikakakamaa palepale, ikazama chini kama gundi. Wageni wakanywa vodka na ndimu wakikunja nyuso, utamu wote ukaishia kwenye sinki.

Siku hizi naanza na ndimu. Naiviringisha mezani kwa kiganja mpaka ilainike, naikata vipande vinne na kuutoa ule uzi mweupe wa katikati, kwa sababu una uchungu. Vipande naviweka kwenye glasi fupi, nene, pamoja na kijiko cha sukari ya kahawia, kisha navikandamiza kwa mchi mara nne au tano. Usitwange! Hiki si kitunguu saumu. Harufu nzuri imo kwenye mafuta ya ganda, na hutoka kwa kubanwa tu. Ukiliponda, uchungu utakaotoka hauna sukari ya kuufunika.

Barafu naifunga kwenye kitambaa safi na kuigonga mpaka ivunjikevunjike, najaza glasi, halafu vodka vijiko vinne vya chakula, yaani mililita 60.

Sasa kijiti. Natumia muwa uliomenywa, mwembamba, urefu wa kalamu. Nakizungusha ndani ya asali mpaka ishike nene, nakichomeka glasini. Asali inang'ang'ania pale pale kijitini, na kila mtu anakoroga na kubana ndimu kwa kiasi chake. Mke wangu hunywa nusu ikiwa chachu ndipo akoroge. Mimi sina subira hiyo.

Shemeji yangu wa Tanga hutia Konyagi badala ya vodka. Nilimcheka, nikaonja, nikaongezewa. Asiyetumia pombe mtilie soda ya tangawizi, lakini sukari iache kabisa. Soda yenyewe ni tamu tayari.